Nyuma ya Picha

Siku ya tano ya mafunzo, Mabuti aliamka akiwa na hamu ya kuongea na mtu, hata kama ni kuhusu mvua. Mama wa mapokezi wa nyumba ya wageni alimwuliza, kama kila asubuhi, "Umelalaje, binti yangu?" na kama kila asubuhi akageukia daftari lake la wageni kabla hajajibiwa. Mabuti akanywa chai yake akitazama ukuta. Begi la kamera alikuwa ameliweka kwenye kiti cha pili, makusudi, ili mhudumu asije akakiondoa kile kiti na kumwacha kwenye meza ya mtu mmoja.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake kwa miaka mitatu. Vyumba vya kupanga kwa wiki, funguo za kurudisha asubuhi, sahani moja. Kwenye diski zake alikuwa na picha za watu zaidi ya elfu arobaini, wanaolia, wanaocheka, wanaobebana, na yeye mwenyewe hakuwemo hata katika moja. Anayeshika kamera ndiye asiyeonekana, na kazi hiyo aliichagua kwa hiari yake, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu.

Jina la Mabuti alipewa na mwanamke aliyekuwa awe mama mkwe wake. Siku alipoingia kwenye ile sebule mara ya kwanza alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, na mabuti yake yalichapa matope kuanzia mlangoni hadi kwenye kochi. Mama hakusema kitu mbele yake. Alipoondoka tu, akamwuliza mwanawe, "Huyo wa mabuti ndiyo nani?" Mwanawe, ambaye alikuwa mhariri wa picha gazetini, akasema ni mtu wa kazini. Kisha akaja kazini akalitoboa lile jina, wenzake wakalidaka, likamganda.

Sasa gazeti lilelile lilikuwa limemwita awafundishe vijana kumi na wawili wanaotaka kuwa wapiga picha za habari. Alikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya siku tano tu. Kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, alikuwa na treni, na mwisho wa safari hiyo kulikuwa na mkataba wa miaka miwili nchi ya mbali. Mkataba ulikuwa begini, haujatiwa saini.

Na Mhariri alikuwa ghorofa moja tu chini yake, kwenye maktaba ya picha. Siku nne zote walikutana kwenye ngazi. "Habari za kazi?" angeuliza yeye. "Nzuri," angejibu Mabuti. Basi, kila mtu na njia yake, kama watu waliogombania kiti ofisi ya posta. Hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi, na kila mara Mabuti alifika juu, akajikaza kisabuni, akaingia darasani akitabasamu.

"Haya," aliwaambia vijana siku hiyo ya mwisho, akikaa juu ya meza. "Kabla hatujaagana, hebu niambieni mmebeba nini kichwani. Unafika kwenye ajali. Unafanya nini kwanza?"

"Napiga picha!" alisema kijana mmoja mwenye lenzi ndefu kuliko mkono wake. Wenzake walikuwa wameshamwita Bwana Lenzi.

"Umefeli. Daftari?"

Daftari alikuwa msichana wa mstari wa mbele aliyeandika kila neno, hata kikohozi cha mwalimu. "Kwanza naangalia nitatokea wapi hali ikichafuka. Pili naangalia kama kuna mtu anahitaji mkono wangu kuliko kamera yangu. Halafu ndiyo napiga."

"Unapigaje?"

"Ya mbali, ili msomaji ajue ni wapi. Ya kati, ajue ni nani. Ya karibu, ajue anaumia wapi."

"Na wewe Bwana Lenzi, ukitaka picha ya karibu unafanya nini?"

"Navuta lenzi."

"Tumia miguu, baba! Lenzi haijui kusalimia. Sogea, msalimie mtu, mwambie wewe ni nani. Akikataa, shusha kamera, mwombe radhi, ondoka na heshima yako. Akikubali, mwulize jina. Mwambie akutajie herufi moja moja. Picha utapiga mia, lakini jina lake ni moja, na ukilikosea umemwibia. Tena andika palepale, usiseme utakumbuka. Hutakumbuka. Na usimsogezee mtu kiti wala mtoto wala kikombe ili picha ipendeze. Ukikuta kikombe kimevunjika, kiache kimevunjika." Akainua penseli. "Na hii ni ya nini?"

"Ya nyuma ya picha," walijibu kwa pamoja.

"Kwa nini si kalamu?"

"Wino unapenya mbele."

"Mkipewa picha ya mtu mwingine, kitu cha kwanza?"

"Geuza!" darasa zima likapaza sauti, wengine wakipiga meza. Wiki nzima alikuwa akiwaambia hivyo mpaka neno likageuka utani. Mtu akipewa soda, geuza. Akipewa andazi, geuza.

"Geuza," alirudia Mabuti akicheka nao. "Mbele utaona sura. Nani, wapi, lini, kwa nini, hayo yako nyuma. Mtu asiyegeuza picha atakuja kuchapisha uongo bila kujua."

Daftari akainua mkono. "Mwalimu, wewe umetuonyesha picha za watu tu. Hatujaona yako."

"Zote ni zangu."

"Namaanisha uliyomo."

Swali dogo tu, lakini lilimchoma. Angeweza kuliruka. Labda ni kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho, au kwa sababu wiki nzima hakuongea na mtu baada ya saa kumi jioni, akajikuta anafungua mfuko wa ndani wa begi na kutoa mfuko wa plastiki wenye picha moja, imewekwa juu ya kadi nyeusi ngumu na kubanwa kwa utepe wa karatasi pembe zote nne.

"Moja tu ninayo," alisema. "Alipiga mwenzetu, kwenye mafuriko. Mkiichafua nawala nyama."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwanamke ameketi kwenye ngazi ya shule, matope hadi mapajani, viganja vyote viwili vimefungwa bandeji. Mbele yake mwanamume amepiga goti majini, anamfunga kamba za buti. Mwanamke hatazami kamera. Anatazama utosi wa yule mwanamume, na jinsi anavyoutazama, hata Bwana Lenzi aliiweka lenzi yake chini.

Kilichomtoa Mabuti mjini ni maneno yaliyochapishwa chini ya picha hiyo. Mhariri aliyaandika mwenyewe: "Mhariri wa picha akimsaidia mfanyakazi mwenzake." Mfanyakazi mwenzake! Baada ya miaka minne ya kupendana, na pete wameshaichagua. Alimfuata maktaba na gazeti mkononi. "Tangu lini wafanyakazi wenzako unawafunga viatu? Mhasibu umeshamfunga?" Mhariri akababaika, akasema mama husoma gazeti kila siku, mama bado hajaambiwa vizuri, subiri kidogo. Kesho yake, Ijumaa, alimletea ile picha ndani ya bahasha, akasema, "Iangalie vizuri," akarudi zake chini. Mabuti aliichungulia tu, akaona anapewa kumbukumbu kama mtu anayestaafu. Alikuwa na tiketi ya treni ya Jumamosi kwenda kazi ya mpakani. Hakuingoja. Jioni ileile akapanda lori la misaada, akabadilisha na namba ya simu.

Picha hakuitupa. Usiku wa kwanza kule mpakani, akilia, aliibandika kwenye kadi nyeusi isikunjike. Tangu hapo aliitazama karibu kila siku, na kweli aliiangalia vizuri. Aliujua kila mkunjo wa shati la yule mwanamume.

"Mwalimu," Daftari alisema, picha ikiwa imemfikia, "hii haina maelezo?"

"Hiyo ni ya kwangu mwenyewe. Haihitaji."

"Lakini si ulisema..."

Wenzake hawakumngoja amalize. "Geuza! Geuza! Geuza!"

Mabuti alicheka mpaka akafuta machozi. "Haya, geuza, mridhike. Hakuna kitu huko."

Daftari akaingiza ukucha chini ya utepe, taratibu, pembe moja, pembe ya pili, akaiachanisha picha na kadi yake. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na macho.

"Kipo, Mwalimu. Ni penseli." Akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, kama walivyozoea. "Kutoka kushoto..." Yakafuata majina matatu ya Mabuti, yote, pamoja na ile herufi ambayo watu wote huikosea, iko mahali pake. "...akifungwa viatu na mchumba wake, mhariri wa picha wa gazeti hili. Masahihisho. Jana gazeti liliandika mfanyakazi mwenzake. Si kweli. Niliandika mimi, kwa kumwogopa mama. Leo asubuhi nimemwambia mama kila kitu. Kesho Jumamosi, saa nne kasoro, tutakuwa stesheni, benchi la mbele ya dirisha la tiketi, mimi na yeye. Tafadhali usipande treni kabla ya..."

Daftari akaishusha picha. Alikuwa ameinua macho akaona uso wa mwalimu wake.

Mabuti alinyoosha mkono, akapewa picha. Alijua ule mwandiko. Ukutani saa ilikuwa inagonga, na kwa muda hakuweza kukumbuka wanafunzi hawa walitoka wapi, na kwa nini wanamtazama.

"Mapumziko," alisema hatimaye. "Marefu."

* * *

Maktaba ya picha ilinuka karatasi za zamani. Mhariri alikuwa ameinamia droo, penseli sikioni kama kawaida yake. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza kuingia mvi, na hilo Mabuti hakuwa ameliona kwenye ngazi, kwa sababu kwenye ngazi hakuthubutu kumtazama.

"Habari za kazi?" alisema Mhariri.

"Mbaya."

Akasimama wima. Mabuti akaiweka picha juu ya meza, upande wa maandishi ukiwa juu.

Mhariri aliitazama kwa muda mrefu. "Umeamua kunirudishia leo," alisema. "Sawa. Ungeweza kuituma kwa posta, miaka mitatu iliyopita, ungetupunguzia mengi."

"Nimeisoma leo."

"Nini?"

"Nimeisoma leo. Dakika kumi zilizopita. Tena sikusoma mimi, kasoma mwanafunzi, mbele ya darasa."

"Usinitanie, tafadhali."

"Nakutania nini? Niliibandika kwenye kadi. Isikunjike. Sikuigeuza."

"Wewe?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika popote. "Wewe ambaye wiki nzima nasikia darasa lako linapiga kelele juu ya kichwa changu, geuza, geuza? Mimi nimekaa hapa nasema moyoni, huyu mwanamke ananikejeli. Nilimwandikia nyuma ya picha akanipa kisogo, sasa anafundisha watoto wimbo."

"Sikujua! Ningejua ningekuja stesheni kwa miguu!"

"Tulikungoja." Aliketi, ghafla, kama mtu aliyesukumwa. "Mama alivaa gauni lake la kutokea. Hakulala vizuri usiku ule, lakini alivaa, akasema, twende nikamwone huyo wa mabuti, kama ndiye unayemtaka basi ndiye. Unajua mama kumtoa neno kama hilo ni kazi gani? Akakaa kwenye benchi na pochi mapajani. Treni ikaja. Akawa ananiuliza, ni yule? Ni yule mwenye kofia? Treni ikaondoka. Akasema tungoje kidogo, pengine amechelewa. Tulikaa mpaka mfagiaji akatuambia tuinue miguu."

Mabuti aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mpaka leo," Mhariri aliendelea, "ukitajwa anasema, yule aliyenikalisha stesheni. Hasemi tena mabuti. Mabuti angeyasamehe."

"Kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Ulikuwa mbele yangu. Ulisema iangalie vizuri, basi! Ungesema geuza!"

"Kuandika naweza. Kusema mbele ya macho yako, na ulivyokuwa umekasirika vile..." Alitikisa kichwa. "Na wewe kwa nini uliondoka jioni ileile? Kwa nini ulibadili namba?"

"Kwa sababu nilijua ukinipigia nitarudi."

Kwa miaka mitatu kila mmoja alikuwa amebeba hasira juu ya mwenzake, akailisha, akaitunza, na sasa hasira imeondoka na hakuna aliyejua aweke nini mahali pake. Mabuti alitaka kuzunguka ile meza. Ilikuwa hatua nne tu. Badala yake akageukia droo.

"Umeoa?" aliuliza, akijifanya anasoma majina ya droo.

"Mama bado anatafuta. Mwezi uliopita kaleta mwalimu wa hesabu. Mtu mzuri. Tulikunywa soda, akanipigia hesabu ya umri wangu, tukaagana."

Mabuti alicheka, na kicheko kilimwuma kwa sababu kilikuwa kilekile cha zamani.

"Wewe?" aliuliza Mhariri.

"Nina begi. Nalikalisha kwenye kiti cha pili."

Simu ya Mhariri ililia. Akaitazama. "Ni yeye. Nampeleka kliniki leo, mguu unamsumbua. Mguu tu, mdomo mzima." Akapokea, "Naam, mama. Nakuja, mama," akasogea chumba cha ndani kufunga makabati huku akisikiliza.

Mabuti akabaki na picha na penseli. Chini ya yale maandishi ya zamani kulikuwa na nafasi ya vidole viwili hivi. Akaandika haraka, herufi zikipanda na kushuka. Alimaliza wakati funguo zinagonga, akaigeuza picha, mbele juu.

Mhariri alirudi amevaa koti. Uso wake ulikuwa umeshafungwa, kama makabati yake. "Nasikia una treni kesho. Na mkataba mkubwa. Hongera, unastahili." Akafunga kifungo cha koti. "Yaliyopita ndiyo hayo. Hatuwezi kuyapiga picha upya."

"Hatuwezi."

"Hiyo picha... kwa kweli ni mali ya maktaba. Lakini kama unaitaka..."

"Chukua," alisema Mabuti.

Aliichukua. Aliitazama sura ya mbele, ngazi na matope na buti, midomo ikamcheza. Kisha akaitia ndani ya faili jekundu, akalibana faili kwapani, akampa mkono kama watu wanaoagana kazini. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Akatoka.

Hakuigeuza.

Mabuti alisikiliza viatu vyake vikishuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ataigeuza nyumbani, alijiambia. Ni mhariri wa picha, lazima ataigeuza. Ya saba, ya nane. Au ataiweka kwenye droo ailaze humo, kama yeye alivyoilaza kwenye kadi, na kesho Mabuti atakaa peke yake mbele ya dirisha la tiketi akitazama kila mwenye koti, mpaka mfagiaji amwambie ainue miguu. Aliona haya kupiga kelele ofisini. Wahasibu wangetoka. Vijana wake walikuwa juu, wamejazana kwenye kona ya ngazi, wakijifanya wanakunywa maji.

Alikimbilia mlangoni.

"Geuza!"

Sauti yake iligonga kuta za ngazi. Chini, kwenye kona ya mwisho, Mhariri alisikia nusu. Akasimama, akageuka mwili mzima, akamtazama, na usoni mwake kulikuwa na tumaini la wazi kiasi kwamba Mabuti alitamani kulia.

"Nimegeuka," alisema.

"Si wewe, bwana wee! Picha! Geuza picha!"

Juu yao mtu alipiga kigelegele akazibwa mdomo. Mhariri alilifungua faili polepole. Akaitoa picha, akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha la ngazi. Alisoma midomo ikitikisika, kama alivyozoea kusoma maelezo ya wapiga picha wake akitafuta makosa.

"Masahihisho," alisoma. "Mwanamke aliye pichani hakukataa. Hakusoma. Treni itaondoka saa nne bila yeye. Atakuwa benchi lilelile, na mabuti yake, anamngoja mama hata siku nzima."

Akasoma tena. Mabuti alikuwa ameshikilia ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, ile mikono yenye makovu ya bati lililomkata siku ya mafuriko, na hakuwahi kuogopa hivyo mbele ya kitu chochote alichowahi kukipiga picha.

"Maelezo yana kasoro," alisema Mhariri.

"Kasoro gani?"

"Hujaandika tarehe."

Akaketi palepale kwenye ngazi, na koti lake la kutokea, akaiweka picha juu ya goti. Akachomoa penseli sikioni.

"Kesho tarehe ngapi?"